Somo: Miguu ya keria isiyong'oka, kuanzia kupima paa hadi kukaza nati

Wiki iliyopita nimeletewa Noah mbili na Probox moja, na ugonjwa ni ule ule: keria inacheza. Pau zenyewe, vile vyuma vinavyokatiza paa, nzuri, nene, zimepigwa rangi zikang'aa. Ukishuka kwenye miguu unakuta vipande vya kuokoteza. Nimechoka kueleza mmoja mmoja hapa karakana Kizota, Dodoma, kwa hiyo leo naandika yote mara moja.

Nianze na aibu yangu. Miaka ya nyuma nilimtengenezea mteja keria ya Noah. Miguu niliikata kwenye flati-ba (chuma bapa) ya milimita 3, ikasimama wima kama miguu ya stuli. Kuijaribu, nikapanda juu nikaikalia. Kilo zangu 84 hazikuitikisa, nikajisifu mbele ya vijana wangu. Mteja akafunga godoro la tano kwa sita, akashika njia ya Kibaigwa. Kabla hajafika Mbande akasikia kishindo, akadhani tairi imepasuka. Kushuka, anakuta keria imerudi nyuma kiganja kizima, mguu mmoja wa mbele umejikunja kama kijiko, na paa limekwaruzika mpaka chuma cheupe. Godoro lile halifiki kilo 20.

Mimi nilikuwa nimejaribu upande mmoja tu, wa kushuka chini, na huo ndio upande ambao keria karibu zote zinauweza, hata zile mbovu. Mguu unasukumwa na kuvutwa pande nne. Ukifunga breki ya ghafla kwenye lami kavu, mzigo wa kilo 75 (keria ikiwemo) unasukuma mbele kwa nguvu ya kama kilo 60. Kwenye tuta au rasta, uzito wa kushuka unaweza kuongezeka mara mbili kwa nusu sekunde, kisha mzigo unaruka juu. Kwenye kona unavuta pembeni. Halafu kuna upepo. Godoro la tano kwa sita likinyanyua pua kidogo tu, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, linaweza kuvutwa juu kwa kama kilo 50. Ni bawa la ndege hilo, umelifunga mwenyewe.

Na sisi wa Dodoma tuna la ziada. Kiangazi upepo wetu mwingi unatoka mashariki. Ukielekea Gairo, upande huo huo wa mashariki, unaupokea usoni: gari inakwenda 90, upepo unakuja 30, keria inahisi 120. Nguvu ya upepo inapanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 90 hadi 120 haiongezeki theluthi tu, inaongezeka kwa zaidi kidogo ya robo tatu. Mteja wangu alikuwa njia hiyo hiyo, mwezi wa nane.

Hatua ya 1: Lijue paa lako

Paa zenye gata (Land Cruiser za 70, Defender, HiAce) ndizo rafiki wa fundi. Gata liko kwenye mshono ambapo bati la paa linakutana na ubavu wa gari, kwa hiyo ukiling'ata umeshika mifupa ya gari yenyewe. Paa zenye reli ndefu zilizoinuka nazo ni rahisi, mguu unaikumbatia reli.

Gari zenye plastiki nyeusi mbili zinazokwenda urefu wa paa zinataka subira. Inua plastiki taratibu. Baadhi ya gari zina sehemu za bolti zilizowekwa na kiwanda chini yake, na hapo mguu unakaa kama umezaliwa nao. Ukikuta bati tupu, gari yako ihesabu kwenye kundi la mwisho, la paa tupu: mguu unakaa ukingoni juu ya mlango, na ndoano bapa inaingia ndani kung'ata ukingo wa fremu ya mlango.

Usitoboe paa. Bati la paa ni kama milimita 0.7 hadi 0.8, unene wa kadi moja ya benki. Bolti ikivutwa hapo inang'oka na kipande chake. Pia gari nyingi za siku hizi zina mfuko wa hewa wa pembeni uliokunjwa juu ya milango, kuanzia mbele hadi nyuma. Drili yako ikiugusa, utalikumbuka somo hili.

Hatua ya 2: Kiolezo cha katoni

Usianze na chuma. Chukua katoni la maji ya kunywa, likunje lisimame juu ya gata, kisha lipunguze kwa mkasi kidogo kidogo mpaka likae bila mwanga kupita chini yake. Fanya miguu yote minne, uandike MBELE KULIA, NYUMA KUSHOTO. Paa linapinda, na mguu wa mbele haufanani na wa nyuma. Niliwahi kudharau hili nikatengeneza minne sawasawa, miwili ikakaa kwa ncha tu.

Urefu wa mguu: ufanye mfupi kadiri paa linavyoruhusu. Katikati ya paa pamebinuka juu, kwa hiyo pima hapo, uache sentimita 3 au 4 kati ya pau na bati, basi. Mguu wa sentimita 20 unajipinda kwa nguvu mara mbili ya ule wa sentimita 10, mzigo ni ule ule. Wanaotaka keria ndefu ili gari ionekane ya safari, shauri yao.

Hatua ya 3: Chuma

Pau: bomba la mraba la milimita 30 kwa 30, unene 1.5. Mita moja ina kama kilo 1.3, kwa hiyo pau mbili na miguu yake zinabaki chini ya kilo 10. Mguu: flati-ba ya upana wa milimita 40 na unene wa 5. Kitako cha mguu kiwe na urefu wa sentimita 12 kufuata gata. Kitako kifupi ndicho kilichoniangusha mimi: breki ikishika au upepo ukisukuma, mguu unaanza kubembea mbele na nyuma kama jino bovu.

Chini ya gata weka taya la pili, la flati-ba hiyo hiyo, livutwe juu na bolti mbili. Ukiweka bolti moja, taya linazunguka. Kisha chomelea pembe tatu ya chuma kati ya kitako na mguu, ikiwa imekaa kufuata urefu wa gari. Wengi wanaiweka kufuata upana kwa sababu inapendeza ukitazama kwa mbele, lakini breki haivuti upande huo.

Kama bomba lina mabati (zinki), saga mahali pa kuchomelea mpaka chuma kionekane, na ufanye kazi nje penye hewa. Moshi wa zinki unaleta homa usiku huo huo, utadhani malaria. Tena, kamwe usichomelee keria ikiwa juu ya gari: cheche zinadoboa kioo, na umeme wa mashine unaweza kuua kompyuta ya gari. Weka alama kwa chaki, shusha, chomelea chini. Ziba ncha za pau, la sivyo zitapiga filimbi kutoka hapa hadi Manyoni. Saga, rangi ya oksaidi (ya kuzuia kutu), kisha rangi ya juu.

Hatua ya 4: Raba na nati

Hapa ndipo kazi nzuri inapoharibika. Watu wanakata kandambili wanaweka chini ya mguu. Siku ya kwanza imekaza. Baada ya wiki jua limeikausha, imebonyea, nati iko pale pale lakini haikazi kitu. Tumia raba ngumu ya madigadi, milimita 3, tabaka moja.

Bolti ziwe za spana 13, zenye alama 8.8 kichwani, na nati za loki zile zenye plastiki ndani. Bolti hiyo inaweza kukazwa sana, gata haliwezi. Tumia spana fupi, uishike karibu na kichwa kwa vidole vitatu, ukaze mpaka raba ianze kuvimba pembeni kidogo, uache. Gata likianza kupinda umeshapita.

Nafasi kati ya pau ya mbele na ya nyuma: sentimita 70 au zaidi, ikiwa paa linaruhusu. Mbao ndefu juu ya pau zilizokaribiana zinacheza pembea.

Hatua ya 5: Jaribu pande zote

Kwanza chora mstari mwembamba unaoanzia kwenye nati, ukapita kwenye mguu, ukaishia kwenye gata. Mimi natumia rangi ya kucha nyekundu, mke wangu ameshazoea. Kitu kikisogea hata milimita moja, mstari unakatika na unaona bila kuuliza mtu.

Kisha funga kamba kwenye pau ya mbele, weka mizani ya kuning'iniza kama ile ya buchani, vuta kuelekea mbele mpaka kilo 60. Rudia kuelekea nyuma. Halafu watu wawili wainue pau kwenda juu mpaka springi za gari zinyooke. Gari yote itikisike, mguu usisogee. Mwisho endesha kilomita 50 ukiwa na mzigo mdogo, simama, kaza tena. Raba mpya lazima inywee kidogo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkulima wa Hombolo: Fundi habari za kazi. Nina IST, nataka kubeba kreti za zabibu kuleta mjini, kama kilo 120 hivi. Nikifuata somo hili miguu itahimili?

Jibu: Salama mkuu. Miguu inaweza kuhimili, gari haiwezi. Soma kitabu cha gari yako. Gari ndogo nyingi zinaruhusiwa kati ya kilo 50 na 75 juu, na uzito wa keria umo humo humo. Kilo 120 juu ya IST zinahamisha uzito wote kichwani, kona ya kwanza utaijua. Laza viti vya nyuma, kreti ziingie ndani, juu weka tupu wakati wa kurudi.

Mama Ntyuka: Shikamoo fundi. Nimepata keria ya mtumba ya Japani, ya aluminiamu, ilikuwa ya gari nyingine. Kijana wa mtaani anasema atailazimisha ikae.

Jibu: Marahaba mama. Pau zitumie, ni nzuri na nyepesi. Miguu usimruhusu ailazimishe, imekatwa kwa mkunjo wa paa lile lingine, kwako itagusa kwa ncha. Tengeneza miguu mipya, na kati ya chuma na aluminiamu weka raba, zikigusana na maji yakaingia, aluminiamu italiwa unga unga.

Dereva wa Kondoa: Kaka, napeleka wageni kwenye michoro ya miambani ya Kolo. Nataka kuweka hema juu ya Land Cruiser, hema kilo 55, na wanalala wawili. Wakipanda si inapita kilo 200?

Jibu: Inapita, na si tatizo. Gari ikiwa imesimama hakuna breki, hakuna tuta, uzito unashuka tu, na gata zako zina uwezo huo. Angalia kilo 55 zile zinapotembea. Kwa hema weka pau tatu na miguu sita, na njia ya vumbi ikiwa na mawimbi angalia mistari ya rangi kila asubuhi. Mtikisiko ule mdogo mdogo unafungua nati kuliko shimo moja kubwa.

Fundi mwenzenu: Mimi natoboa paa na kuweka silikoni mwaka wa kumi sasa, hakuna aliyerudi kulalamika kuvuja. Mnawatisha watu.

Jibu: Mwenzangu, Dodoma mvua inaanza Desemba, Aprili imekwisha. Miezi saba, nane, paa lako halijaribiwi na tone. Jua linakausha silikoni, mvua ya kwanza maji yanaingia kidogo, yanafuata dari kimya kimya hadi kwenye nguzo ya mlango, kutu inaanza ndani. Mteja anakuja kuigundua baada ya miaka mitatu, na anakwenda kwa fundi wa bodi, hawezi kurudi kwako. Mimi nimefungua dari mbili za namna hiyo mwaka huu. Na bado hatujaongelea bati la milimita 0.8.

Mama Ntyuka: Fundi, na bei ya miguu minne? Nakutumia picha ya gari sasa hivi.

Jibu: Picha haina gata la kupima, mama. Lete gari, na katoni uje nalo.