Paa la gari limebabuka na jua? Hivi ndo nalirudisha kwa hela ndogo

Wakuu habari zenu. Mimi fundi bodi niko Tabora mjini, na kiangazi kama hiki gari ninazoletewa sana ni Corolla na Noah za zamani, ubavuni bado safi kabisa ila paani rangi inabanduka vipande vipande kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Mwenye gari keshaambiwa apige rangi gari zima, hela hana, anaacha mpaka kutu inaingia. Paa peke yake unaweza kulifanya mwenyewe bila kompresa.

Kabla hujanunua kitu, chukua kitambaa cha rangi tofauti na gari kiloweshe, weka kapaundi (ile dawa nzito ya kung'arishia rangi) kidogo usugue sehemu ndogo ya paa. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari ujue gari yako haina klia (ule mpako angavu wa juu ya rangi), Toyota nyeupe nyingi za kodi 040, yaani namba ya rangi ya kiwandani, ziko hivyo, basi usipige rangi, sugua kapaundi paa zima, futa, paka waksi, kazi imeisha. Ila kama kuna ngozi inabanduka, hiyo klia imeshakufa. Klia ndo inayokinga rangi na jua, na paa linaangalia juu kutwa nzima ndo maana linaanza lenyewe, na ikishakufa hairudi kwa polishi wala kwa mafuta ya kula yale watu wanapaka siku ya kuuza gari.

Vifaa: msasa wa maji namba 320 na 600, praima ya kopo (rangi ya chini inayotangulia), tepu ya karatasi, magazeti, sabuni ya vyombo. Paa la Corolla mimi namaliza na makopo 3 ya rangi na 3 ya klia, yale ya mililita 400. Kodi ya rangi iko kwenye kibati chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, tafuta palipoandikwa C/TR, usinunue silva kwa kukadiria macho maana silva ziko nyingi.

Hatua ya kwanza osha kwa sabuni, kausha.

Ya pili ni msasa, na hapa naomba usiwe na haraka, kazi yote iko hapa. Anza na 320 na maji, toa klia yote iliyolegea halafu endelea kusugua ule ukingo ambapo klia nzima inakutana na palipobanduka, mpaka ukifumba macho ukapitisha kiganja usisikie ngazi yoyote. Miaka ya nyuma niliwahi kuharakisha Corolla moja ya silva, nikaona ukingo umelainika inatosha nikapiga rangi, ilivyotoka ilipendeza kweli, mvua za kwanza tu ikaanza kuinuka palepale kwenye ukingo, nikarudia kazi yote kwa hela yangu. Kwa hiyo klia ambayo kucha inaweza kuiinua, itoe. Ukimaliza, pitisha 600 paa zima, pasibaki panapong'aa.

Palipofika kwenye bati au penye kutu, sugua mpaka bati ling'ae, kausha, piga praima siku hiyohiyo usilaze. Ikikauka ipitishie 600 kidogo.

Sasa kuziba. Funika vioo, milango na boneti kwa magazeti, rangi ya kopo inaruka mbali. Usipige kiraka katikati ya paa, hasa silva, mstari wa kiraka utaonekana daima, piga paa zima uishie kwenye zile raba ndefu za pembeni, hapo hakuna atakayejua.

Kupiga rangi fanya asubuhi saa moja mpaka saa tatu, kabla upepo wa vumbi haujaanza na bati halijapata moto. Bati la moto rangi inakauka kabla haijatulia, inatoka na chenga. Mwagia maji chini kuzunguka gari vumbi litulie, usiwe chini ya mwembe, na makopo yakae kivulini, juani yanaweza kupasuka. Tikisa kopo dakika 2 nzima, shika umbali wa sentimita 25 hivi, kila mstari ufunike nusu ya uliopita, anza katikati ya paa kuja upande wako halafu zunguka. Piga mikono mitatu myepesi, yaani rudia paa zima mara tatu, kati yake dakika 10 mpaka 15. Klia nayo mitatu, wa mwisho uwe umelowa kidogo.

Klia yenye hadina (dawa ya kuikaza) inadumu zaidi, siwafichi, ila moshi wake ni sumu ya mapafu na barakoa ya kitambaa haizuii kitu, kama huna barakoa ya chujio za rangi waachie wenye nayo.

Wiki ya kwanza usioshe, waksi subiri mwezi. Na kivuli cha miembe yetu kizuri kweli ila mavi ya ndege na popo yanakula klia, ukiona limedondoka lowesha ulifute siku hiyohiyo, usilikwangue likiwa kavu.