Mita janja za Uingereza: mwongozo kwa aliyezoea LUKU na tokeni

Aliyezoea LUKU Dar es Salaam, tokeni Nairobi, Yaka Kampala au Cash Power Kigali akihamia Uingereza hukuta mambo kinyume. Nyumbani umeme unalipiwa kabla, yuniti zinasomeka ukutani, na hata mtoto anajua zikibaki mbili ni wakati wa kumwambia baba. Huku wengi wanatumia kwanza, bili inafuata baadaye, na penye mita ya zamani bili hiyo mara nyingi ni ya kukadiria: kampuni inaangalia nyumba ilitumia kiasi gani zamani, pengine enzi za mpangaji aliyetangulia, kisha inakuandikia wewe.

Mita janja imeletwa kuondoa ukadiriaji huo. Inasoma matumizi yenyewe na kuyapeleka kwa kampuni kwa mtandao wake. Haiguswi na waifai yako wala bando la simu yako. Zaidi ya nusu ya mita za majumbani nchini England, Scotland na Wales sasa ni za aina hii (Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake), na ukiiomba unafungiwa bila kutozwa ada ya fundi. Lakini tuelewane mapema: mita yenyewe haipunguzi hata senti. Kazi yake ni kukuonyesha pesa inakwenda wapi na kukufungulia bei ambazo mwenye mita ya zamani hawezi kuzipata. Anayenufaika ni yule anayejua kuzitumia, na sisi tuliokua tukihesabu yuniti tunaanza na nafasi nzuri.

Siku ya kuhamia

Kabla hujafungua mabegi, piga picha mita zote mbili, ya umeme na ya gesi, tarakimu zionekane. Tangu unapokabidhiwa funguo wewe ni mteja wa kampuni inayohudumia nyumba hiyo, hata kama hujasaini chochote nayo. Wapigie, wape jina lako na namba zilizo kwenye picha. Deni la aliyekutangulia si lako, na picha hiyo ndiyo ushahidi wako.

Ukikuta mita ya kulipia kabla, usiongeze pesa hata pauni 5 kabla ya kuzungumza nao. Mita inaweza kuwa bado imebeba deni la mpangaji wa zamani, na kila unachoweka kinamegwa kulilipa.

Kuhusu kuomba mita janja, kanuni ya Ofgem, msimamizi wa soko la nishati, inampa nguvu anayelipa bili. Kama akaunti iko kwa jina lako, uamuzi ni wako. Angalia mkataba wa nyumba unasemaje na umjulishe mwenye nyumba, naye hatakiwi kukuzuia bila sababu ya maana. Kama umeme uko kwa jina lake na wewe unamlipa yeye, uamuzi ni wake. Hata hivyo haruhusiwi kukuuzia yuniti kwa bei ya juu kuliko anayonunulia. Wanaokodi chumba kimoja kwenye nyumba ya watu wengi walishike hilo, maana humo ndimo bei za kubuni zinamostawi. Omba kuona bili, kwa upole.

Kuna kanuni nyingine inayofaa kuandikwa kwenye mlango wa friji. Kampuni ikikosea, ikakaa bila kukutoza inavyopaswa, haiwezi kurudi kukudai matumizi ya zaidi ya miezi 12 nyuma, mradi wewe hukuwazuia kusoma mita. Nimeona watu wakipewa bili ya miaka mitatu na kuanza kuilipa kwa woga, eti ni ya serikali. Si ya serikali, na sehemu kubwa yake huenda haidaiki.

Jambo dogo la mwisho hapa: baadhi ya mita janja za kizazi cha kwanza zilikuwa zinapoteza ujanja wake mteja akihamia kampuni nyingine. Ukiona yako iko hivyo, piga simu uombe irekebishwe au ibadilishwe; usikubali kurudi kwenye makadirio kimyakimya.

Kiskrini cha jikoni

Mita janja huja na kiskrini kidogo cha kuweka mezani. Wengi hukichomeka wiki ya kwanza, kisha kinaishia kwenye droo pamoja na betri zilizokufa. Kipe jioni moja tu.

Subiri watu wote wawe nyumbani. Zima kila kitu isipokuwa friji, halafu washa kimoja kimoja huku mwingine akiangalia kiskrini, ambacho upande wa umeme hujisasisha kila baada ya sekunde 10 hivi. Birika la umeme litakurusha hadi karibu kilowati 3, lakini kwa dakika chache tu, kwa hiyo chai ya maziwa si adui yako. Washa bafu la umeme, lile linalopasha maji papo hapo: kilowati 9 au zaidi. Yuniti moja ni kilowati 1 ikitumika saa nzima, kwa hiyo dakika 10 za kuoga ni yuniti moja na nusu. Kwa bei ya peni 25 kwa yuniti, ambayo haiko mbali na bei za miaka hii, hizo ni karibu peni 38. Familia ya watu wanne wakioga hivyo kila siku wamefikisha pauni 45 kwa mwezi, na hakuna aliyepika bado.

Kisha washa ile hita ndogo ya feni iliyonunuliwa pauni 20 kwa sababu chumba cha watoto kina baridi. Kilowati 2. Ikilala inawaka saa nane ni yuniti 16, yaani pauni 4 kwa usiku mmoja. Kwa wiki tano imekula pauni 140. Hapo mabishano ya nani hazimi taa hukoma, kwa kuwa taa za LED kwenye kiskrini hazitingishi hata tarakimu.

Gesi isikuchanganye. Mita ya gesi inatumia betri, kwa hiyo inatuma taarifa kila nusu saa tu. Ukiwasha jiko na kukodolea macho kiskrini hutaona kitu. Kwa yuniti, gesi huwa rahisi mno kuliko umeme, takriban robo ya bei, kwa hiyo makande na maharage yachemshiwe kwenye gesi kama ipo, na sufuria ya presha ikiwepo ndiyo kabisa.

Saa ndiyo pesa

Hapa ndipo gridi yenyewe inapoingia. Uingereza ilifunga kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Sehemu kubwa ya umeme sasa inatoka kwenye upepo, na upepo hauulizi watu wanataka kupika saa ngapi. Unaweza kuvuma usiku wa manane miji ikiwa imelala, kisha ukatulia jioni watu wanaporudi kazini na kuwasha kila kitu kwa pamoja. Ndiyo sababu jioni, kuanzia saa kumi hadi saa moja usiku (saa zetu, si za kwenye simu), umeme unakuwa ghali sokoni. Mita ya zamani haijui umetumia saa ngapi, inajua jumla tu. Mita janja inaandika kila nusu saa, na kwa hiyo kampuni inaweza kukuuzia kwa bei ya saa husika.

Mipango ni ya aina nyingi. Economy 7 ni ya kale: saa saba za usiku kwa bei nafuu, kwa kawaida tangu kama saa sita na nusu usiku, na mchana bei inapanda. Iliwafaa wenye hita za kutunza joto, zinazochaji usiku na kutoa joto mchana. Kwa miongo kadhaa mita nyingi za aina hiyo ziliwashwa na kuzimwa kwa ishara iliyopachikwa kwenye matangazo ya masafa marefu ya BBC. Mfumo huo wa redio ulianza kuzimwa kwa awamu tarehe 30 Juni 2025. Kama unaishi kwenye flati ya zamani yenye hita hizo na kuna kisanduku cheusi kando ya mita, piga simu leo uulize kama mita yako imeshabadilishwa. Isipobadilishwa hita zinaweza kuchaji mchana kwa bei ya juu, au zisichaji kabisa.

Upande wa pili kuna mipango kama Agile ya kampuni ya Octopus, iliyoanza 2018, ambayo bei hubadilika kila nusu saa na bei za kesho hutangazwa jioni ya leo. Zipo nusu saa ambazo bei inashuka chini ya sifuri, yaani unalipwa kwa kutumia. Zipo nyingine ambazo inaweza kupanda hadi pauni 1 kwa yuniti. Maoni yangu: kama una watoto wadogo na chakula lazima kiive saa kumi na moja jioni, usiguse. Kama unafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee au ghala, unalala mchana na kupika saa tano asubuhi, huenda mpango wa saa umetengenezwa kwa ajili yako bila wewe kujua. Pitia kwanza rekodi zako za nusu saa kwenye programu ya kampuni, uone jioni unatumia kiasi gani hasa.

Tahadhari moja kwa wanaopanga kufua usiku wa manane: zimamoto wa London wanaonya watu wasiache mashine za kufulia na za kukaushia zikizunguka wakiwa wamelala. Peni 60 unazookoa hazifai hatari hiyo. Afue aliye macho.

Umeme ukikatika

Hukatika hata huku, ingawa mara chache. Tarehe 9 Agosti 2019 radi ilipiga njia ya umeme, vyanzo kadhaa vikatoka kwenye gridi karibu kwa wakati mmoja, na wateja kama milioni moja wakawa gizani huku treni zikisimama njiani. Mita janja nyingi, zikipoteza umeme, hutuma ujumbe wa mwisho kabla ya kuzima, hivyo mafundi wanaweza kujua mtaa upi umeathirika hata kabla simu hazijaanza. Wewe piga 105, ni bure, na haijalishi unanunua umeme kwa nani.

Halafu jiandikishe kwenye orodha ya wateja wa kipaumbele, kama unastahili. Wanaostahili ni wazee, wagonjwa, wenye mashine za tiba nyumbani na wenye watoto wa chini ya miaka mitano, lakini pia wasiozungumza au kusoma Kiingereza vizuri. Mama anayeishi nawe na anayejua Kiswahili tu anaingia hapo. Hakuna malipo.

Mita hiyohiyo inaweza kukugeuka

Kampuni inaweza kuigeuza mita janja iwe ya kulipia kabla ikiwa ofisini kwao, bila fundi kufika. Miaka ya nyuma wadaiwa wengi waligeuziwa au kufungiwa kwa nguvu, hadi Februari 2023 Ofgem ilipotaka kampuni zisitishe. Sasa masharti ni makali: lazima wakutafute angalau mara 10 na wafike nyumbani kuona hali, na zipo kaya zisizoruhusiwa kuguswa kabisa, kwa mfano zenye mtoto wa chini ya miaka miwili. Ukiwa na deni, usifiche simu. Omba mpango wa kulipa kidogo kidogo, na uombe kwa maandishi.

Kulipia kabla kwa hiari ni jambo lingine. Tangu 2023 hakukugharimu zaidi ya kulipa kwa makato ya benki, na ukiwa na mita janja unaongeza pesa kwa simu ukiwa kitandani. Mtandao ukigoma unapewa tarakimu 20 uziingize kwa mkono, kitu ambacho vidole vyako vinakijua tayari. Salio la dharura lipo, na kwa kawaida umeme haukatwi usiku pesa ikiisha.

Wanaosafiri likizo waangalie ada ya kila siku. Inahesabiwa hata ukiwa umezima kila kitu. Kwa viwango vya 2025, umeme na gesi pamoja vilikaribia peni 90 kwa siku. Wiki sita Tanga ni zaidi ya pauni 35 zinazosubiri mlangoni. Gesi ndiyo inayowashtua watu: hukuigusa kiangazi chote, Novemba unaweka pauni 20, na hakuna joto. Acha salio la kutosha kabla ya kuondoka.

Vishoka, matapeli wa umeme, wako huku pia. Anayebisha hodi akikuuzia salio la umeme kwa nusu bei anakuuzia hewa, na kampuni itakudai fedha yake yote. Anayejitolea kuichezea mita anakuachia kosa la jinai na waya ulio wazi.

Na mita ya nyumbani je?

Wengi wetu tunalipia umeme wa wazazi au wa nyumba tuliyojenga. Mita za tokeni duniani kote zilihesabu dakika tangu Januari 1993, na hesabu hiyo ilifikia ukomo tarehe 24 Novemba 2024. Kama nyumba yako Kibaha au Kitengela ilifungwa tangu kabla ya hapo na mita haikusasishwa, itakataa tokeni utakazonunua leo. Utapokea makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kuisasisha mita, la tatu ndilo lenye yuniti. Yaingizwe kwa mpangilio huo, moja baada ya jingine, na mtu aliyesimama mbele ya mita. Mtumie kwa maandishi, si kwa ujumbe wa sauti, na umwambie asubiri mita ikubali kundi la kwanza ndipo aguse la pili.