Umenunua boti Kigoma, unaipeleka Kipili, kusini mwa Ziwa Tanganyika? Panga pa kulala kwanza

Usiku wa kwanza lala Ujiji. Ndiyo, ni karibu mno, lakini boti ya mbao iliyokaa nchi kavu huvuja mpaka mbao zinywe maji, na heri uyajue hayo ukiwa jirani na fundi. Funua mbao za sakafuni asubuhi, pima maji kwa kidole, kaza bolti za mashine.

Kutoka hapo usifuate tu orodha ya vituo vya meli. Vingi havikuwa na gati. Abiria walikuwa wakifuatwa na mitumbwi katikati ya maji. Uliza wavuvi wa dagaa wanapofunga vyombo vyao.

Pa kuangalia zaidi ni Mahale. Ni hifadhi ya taifa, huwezi kuegesha na kuwasha moto popote. Lala Lagosa kabla ya kuifikia, ondoka alfajiri, ukalale Kalya ukishaipita. Mbele yake kuna Ikola, Karema, Kirando.

Mei hadi Septemba kusi, upepo wa kusini, itakupiga usoni, hivyo petroli beba ya kuzidi. Mimi huongeza theluthi nzima, na siku moja ya kukaa tu nikisubiri ziwa litulie.