Jinsi ya kuendesha klabu ya vijana kwa mradi wa mikono (bila wewe kulima badala yao)

Ukisema unaanzisha klabu ya vijana watu wengi wanawaza semina, mtu anaongea masaa mawili kuhusu kujiamini alafu inakuja soda na picha ya pamoja. Kujiamini hakuingii hivyo jamani. Klabu za 4-H, yaani klabu za vijana wanaojifunza kwa kufanya kazi wenyewe, zina njia yao, na ni ya zamani. Zilianzia Marekani, mwaka 1902 mwalimu anaitwa A. B. Graham alikusanya watoto kule Springfield, Ohio wakaanza kufanya majaribio ya mahindi na mboga, na siku hizi ziko nchi nyingi, hata Tanzania zipo, Kenya nao wana za kwao zinaitwa 4K yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Mtindo ni ule ule: mtoto anapewa kitu hai akitunze, anakuwa na daftari, na mtu mzima anakaa pembeni.

Hapo kwenye kukaa pembeni ndo pagumu. Nitaeleza kwa mradi wa mchicha, maana kwa klabu mpya naona ndo unafaa kuliko yote. Mchicha wiki tatu mpaka nne unavuna, mbegu ni bei rahisi, ukifa hamna mtu analia. Kuku watamu kuwaza ila vifaranga wakifa hamsini kwenye klabu ya mwezi mmoja mnabaki na lawama tu, kwa hiyo kuku waje baadaye.

Chukua vijana kama kumi na tano hivi, wakizidi sana nusu watakuwa watazamaji. Siku ya kwanza usiwape mbegu, wape kiasi cha pesa mlichonacho hata kama ni kidogo na waambie hii ndo yote, haiongezeki. Wao wenyewe waende duka la pembejeo kuuliza bei, wapige hesabu ya mbegu, samadi na ndoo ya kumwagilia, warudi wabishane. Watabishana kweli, na wewe usiwaokoe haraka. Kubishana kuhusu pesa bila kununiana ni ujuzi ambao watu wazima kibao hatuna.

Wachague mwenyekiti, katibu na mhazini, na hivyo vyeo vibadilike kila msimu, la sivyo utakuta yule yule mwenye sauti kubwa anaongoza miaka mitatu. Pesa iwekwe kwenye sanduku la kufuli tatu kama la kikoba, funguo wakae nazo watoto watatu tofauti, mhazini asiwe mmoja wao. Sanduku linafunguliwa kwenye kikao tu, mbele ya wote, na pesa inahesabiwa kwa sauti.

Shambani fanyeni matuta mawili yanayolingana, moja liwekwe samadi iliyoiva lingine lisiwekwe, mbegu ile ile na maji yale yale. Kila wiki mtoto apime kwa rula aandike kwenye daftari. Msione kama ni mchezo wa kitoto, zile klabu za mwanzo Marekani zilishika kwa sababu hiyo hiyo, wakulima wazee hawakuwa na habari na mbinu mpya za wataalamu wa vyuo, watoto wakajaribu kwenye vipande vyao na wazazi wakajionea. Huku kwetu pia baba anayekataa kumsikiliza bwana shamba anaweza akasimama kidogo mbele ya tuta la mwanae.

Sasa zamu ya kumwagilia. Kuna siku mtu hatatokea, tuta litanyauka, na mkono wako utakuwasha kuchukua ndoo. Usichukue. Ukimwagilia wewe umeokoa mchicha na umeua somo. Subiri kikao, uliza maswali matatu tu: nini kimetokea, kwa nini, na wiki ijayo tunafanyaje. Usimtaje mtu, wao wanamjua, na mara nyingi utakuta huyo mtoto hakuwa mvivu, alikuwa anauguza mdogo wake au zamu ilipangwa siku ambayo nyumbani wanaenda kuchota maji mbali. Wakishalijua hilo wanapanga zamu upya wenyewe, na hapo ndo umefundisha uongozi bila kulitaja hilo neno.

Ila kuna vitu huachii watoto hata wakiomba: dawa za wadudu, na chochote ambacho kosa lake linaumiza mwili. Hapo mtu mzima ndo anashika, kwisha.

Na jambo moja lazima niliseme. Wengi wetu tumesoma shule ambazo jembe lilikuwa adhabu, ukichelewa unaenda kulima, mazao yakitoka hujui yameenda wapi. Elimu ya Kujitegemea, ile sera ya Mwalimu Nyerere ya 1967, haikutaka hivyo kabisa, ila ndivyo ilivyotufikia wengine. Kwa hiyo kwenye klabu kazi ya shamba isiwe adhabu hata siku moja, na kila shilingi ya mavuno watoto waione.

Kuuza nako kuna mambo. Waache wapange bei ya fungu wao, ila kwanza wajumlishe walichotumia, hata nauli ya kwenda kununua mbegu. Mwenye aibu asilazimishwe kuuza siku ya kwanza, ashike daftari la mauzo, wiki nyingine atajaribu mwenyewe. Majirani watataka kukopa, na walimu watataka fungu la bure, hapo sheria iwe moja: kila mtu analipa, hata mlezi. Wakikubali kukopesha waandike jina na tarehe, alafu waende kudai wenyewe kwa adabu, "shikamoo mama, tumekuja kuhusu yale mafungu mawili". Hakuna semina inayofundisha hicho kitu.

Misimu miwili ikienda vizuri ingieni kwenye kuku. Hapa wanajifunza kalenda, maana kuku hasubiri. Vifaranga wiki ya kwanza wanataka joto kama nyuzi 32 mpaka 35, na kama hamna kipimajoto waangalieni wenyewe, wakirundikana karibu na jiko wana baridi, wakikimbilia pembeni wamezidiwa joto. Chanjo ya kideri, ugonjwa unaoua kuku wengi kwa mara moja, ile inayoitwa I-2, ni tone moja kwenye jicho na inarudiwa kila miezi mitatu, tarehe ibandikwe ukutani na mtoto mmoja awe na kazi ya kuikumbusha klabu na kumpigia mtaalamu wa mifugo.

Mkipata nafasi kwenye maonyesho ya Nane Nane au hata siku ya wazazi, mtoto asimame na daftari lake aeleze. Akikwama usimdakie, mwache atafute ukurasa.

Kabla shule hazijafungwa gaweni pesa. Wapige kura ngapi ibaki mtaji na ngapi igawanywe, na aliyekimbia zamu wao ndo waamue anapata nini. Mhazini mpya ahesabu kila noti mbele ya wote na asaini daftari, ndo funguo zibadilishe mikono.