Nyumba ikiungua Bukavu: namna ya kuvuta msaada ufike mpaka siku ya manjanja (mabati ya kuezeka)

Hii naiandikia wale ambao nyumba zao zimeungua juzi, na wale wanaowapokea. Mimi mwenyewe niliunguliwa Kadutu, komini (wilaya ya mji) hapa Bukavu, kiangazi, nyumba za mbao zimebanana mgongo kwa mgongo, moto ukatoka kwa jirani wa tatu na kabla watu hawajamaliza kupanga ndoo ulikuwa umeshavuka avenii (barabara ya mtaa). Kesho yake wakanipa kaye (daftari) niwe sekretere wa kamati sababu mwandiko wangu unasomeka. Nilichojifunza kwenye ile kaye ni hiki: siku tatu za kwanza vitu vinakuja mpaka mnakosa pa kuviweka, wiki ya tatu hakuna anayepiga hata simu, na mvua ya Septemba inawakuta bado chini ya shitingi (turubai). Kwa hiyo kazi yenu ni kuuvuta ule msaada wa siku tatu ufike mpaka siku ya kuezeka.

Usiku ule

Watu kwanza. Hesabuni watoto kwa majina, nyumba kwa nyumba, usikubali jibu la "wako kwa tantine", mtu aende aone kwa macho. Aliyeungua mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, maji ya kawaida si barafu, usipake dawa ya meno wala mawese wala yai, mvue pete na saa kabla mkono haujavimba, funika na kitambaa safi, nendeni hospitali. Na yule aliyemeza moshi, anakohoa, sauti imekauka, asingoje asubuhi hata kama ngozi yake nzima haina alama.

Watoto na wazee walale kwa ndugu, lakini mtu mkubwa mmoja abaki karibu na kiwanja, sababu misumari, nondo na mawe ya fondasyo (msingi) yanabebwa usiku uleule, nimeona.

Usifagie majivu kwanza

Najua mkono unawasha kusafisha. Ngoja. Piga picha kutoka kona zote nne, halafu picha ya kila kitu kinachotambulika: kitanda cha chuma, mashine ya kushona, friji, sufuria. Kama simu yako imeungua omba ya mtu, azitume kwa namba ya ndugu aliye nje ya Bukavu ili zisipotee na simu nyingine.

Halafu mipaka, na hapa nawaomba sana mnisikilize. Nyumba za mbao zikiisha zote, kiwanja kinabaki kitambaa kimoja cheusi, na ukuta ndio ulikuwa mpaka. Siku ya pili au ya tatu mtu anasimamisha mti wake nusu meta ndani ya kwako, wala si mwizi, anaamini kabisa ni pale, na kutoka hapo majirani waliozima moto pamoja wanaanza kuitana mbele ya polisi. Sisi tulimwita shefu wa avenii, shefu wa nyumba kumi na wazee wawili waliokaa pale muda mrefu, tukavuta kamba, tukaweka mawe makubwa kila kona, na kila jirani akasaini kwenye kaye kwamba jiwe hili ni la kwetu wawili. Ilichukua siku nzima na jua lilikuwa kali. Upande wa juu, ambako hawakufanya hivyo, niliondoka kwenye kamati bado wanagombana.

Ukiingia kwenye majivu vaa viatu vigumu, misumari iko chini yake yote inaangalia juu, na watoto wakae mbali.

Kaye

Nunueni kaye moja ya shule, kubwa, na bic (kalamu). Andikeni kila nyumba: jina la mwenye parseli (kiwanja), jina la mpangaji (tofauti! wapangaji ndio wanasahauliwa kila mara), watu wangapi, watoto chini ya miaka mitano wangapi, mama mwenye mimba, mzee, mgonjwa wa dawa za kila siku, namba ya simu inayopatikana. Asomewe kila mtu kwa sauti kabla hajasaini. Sababu Croix-Rouge (Msalaba Mwekundu) ikija, Caritas ya Wakatoliki ikija, parokia au kanisa lolote, komini, mtu yeyote mwenye shitingi na mablanketi kwenye gari, swali lake la kwanza ni "liste (orodha) iko wapi?" Kama hamna, wataandika ya kwao haraka haraka na nani anabaki nje? Mama aliyekuwa hospitali na mtoto wake siku ile.

Toeni nakala tatu: moja kwa shefu wa kartie (mtaa), moja kwa komini, moja inabaki na kamati, na mahali pa kupokea omba muhuri na tarehe. Sisi nakala ya kwanza tuliipeleka kwenye ofisi moja bila kuomba muhuri, ikapotea, tukaanza upya, tukapoteza siku tano na kuna gari la vyakula lilipita katika hizo siku tano.

Upande wa pili wa kaye andikeni kinachoingia na kinachotoka. Mifuko ya unga mingapi, nani ameleta, nani amepewa. Kila jioni someni mbele ya watu. Inachosha lakini ndiyo inafanya mtoaji wa kwanza alete mara ya pili.

Karatasi zilizoungua

Anza na polisi au komini: taka prosè-verbali (ripoti rasmi) ya moto, inayosema tarehe, mahali na moto ulitokea wapi, na atestasyo (cheti) ya kupoteza vitambulisho. Hiyo atestasyo ndiyo utatembea nayo mpaka upate nyingine, kwa sababu kwetu watu wengi kitambulisho chao ni kadi ya mpiga kura na hiyo haitoki kwa siku moja.

Diploma ya Leta (ya serikali) na bileti (ripoti za shule) za watoto: nenda shuleni, rejista za shule zinabaki hata karatasi yako ikiwa majivu. Kadi za chanjo, santa (kituo) ya afya iliyokuchanjia inaandika kwenye rejista yake.

Parseli. Kama ulikuwa na sertifika ya anrejistrema (hati ya ardhi), nakala iko kwenye vitabu vya konservateri (msajili) wa ardhi, unaomba duplikata (nakala mpya). Kama ulikuwa na karatasi ya kununuliana tu, na wengi Kadutu ndio tuko hivyo, tafuta mashahidi waliosaini na aliyekuuzia wakiwa bado hai na bado mjini, muandike tena mbele ya shefu. Fanya mwezi huuhuu, wakati kila mtu anakumbuka na ana huruma. Na akikujia mtu wiki ya pili na dola taslimu anataka kununua kiwanja "kikiwa hivihivi", mwambie arudi baada ya miezi mitatu. Bei ya kiwanja chenye majivu ni bei ya njaa yako.

Pesa

Simu imeungua, pesa haijaungua. Ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money iko kwenye namba, si kwenye simu wala kwenye kadi ya simkadi. Nenda na atestasyo kwenye duka la kampuni yenyewe wakufanyie swap ya namba (simkadi mpya, namba ileile), weka PIN mpya, na usifanye hivyo kwa kijana wa mwavuli wa kando ya barabara usiyemjua. Tangu benki zilipofunga hapa Februari 2025 akiba ya watu wengi iko humo, kwa hiyo hii iwe safari ya siku ya pili, si ya wiki ijayo.

Noti zilizoungua usizikunje wala kuzipangusa, zilaze kwenye gazeti ndani ya boksi. Dola iliyochanika kidogo tu kwetu inakataliwa dukani, lakini kambisti (wabadilisha pesa) wengine wanaichukua kwa bei ya chini, pita kwa watatu wanne kabla hujakubali.

AVEC. Kama uko kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, kumbuka kina mifuko miwili, ule wa mikopo na ule wa sosiali mnaochangia kidogo kila mkutano. Ule wa sosiali umewekwa kwa mambo kama haya, siyo aibu kuuomba, na wenzako wakisahau wakumbushe. Mkopo wako ulionao omba usogezwe mbele. Na kama kisanduku kilikuwa kwako ndicho kimeungua, sema siku ileile mbele ya wote, leteni vitabu vya wanachama mhesabu pamoja, wenye funguo zote tatu wakiwepo. Ukichelewa siku mbili maneno yatakuwa mengine.

Likirimba (mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu): omba zamu yako iletwe mbele. Mama mmoja wa kwetu, muuza sambaza (samaki wadogo wa ziwa), alibadilishana zamu na dada yake wa likirimba, akapata pesa wiki ya pili badala ya mwezi wa tano baada ya moto, akarudi sokoni na beseni mpya. Akaanza kula cha kwake wakati sisi wengine bado tunangoja gari la msaada. Kama una pesa kidogo na hujui uanze na bati au na biashara, mimi nasema biashara, shitingi inaweza kuvumilia wiki sita, mtaji ukiliwa haurudi.

Mdai wako mfuate wewe kabla hajakufuata. Mpe tarehe unayoiweza.

Wapangaji: garanti (pesa ya dhamana uliyompa mwenye nyumba) ni pesa yako. Sheria ya 2015 ya upangaji inasema kwa nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu, na nyumba ikiisha kabisa kwa moto usiotoka kwako, upangaji umeisha na unaidai. Ndiyo maana nilisema prosè-verbali iandike moto ulianzia wapi. Bailleri (mwenye nyumba) wako naye ameunguliwa, ongeeni taratibu, akulipe hata kwa vipande, lakini muandike.

Michango ya ndugu wa nje: namba moja tu, ya mtu ambaye kamati imemchagua, na mtu wa pili anayeona kila meseji inayoingia. Tulishtuka kukuta picha za avenii yetu zinazunguka WhatsApp na namba ambayo hakuna aliyeijua. Tukarekodi shefu akisoma namba ya kweli kwa sauti, tukaituma kwenye magrupu yote, ikasaidia.

Kwa anayetaka kusaidia

Nguo zinatosha, tafadhali. Siku ya pili tulikuwa na mlima wa nguo na hakuna sufuria hata moja ya kupikia ule unga. Leta mbabula (jiko) na gunia la makala (makaa), sufuria na mwiko, bidoni (madumu) za maji, sabuni, serviette (pedi) za wamama na wasichana (hakuna mtu anayeziomba kwa mdomo, zilete tu kwenye mfuko uliofungwa), neti, godoro. Mwaka wa shule unaanza Septemba: shati nyeupe, sketi au suruali ya bluu, kaye, viatu. Msingi hailipwi tangu 2019 lakini sekondari inalipwa, ukimlipia mtoto mmoja trimesta (muhula) moja umemwokoa mwaka.

Kama una pesa basi toa pesa, na ukiweza igawe: nusu sasa, nusu mwezi wa pili baada ya moto. Sema hivyo mbele ya watu, "mwezi wa pili narudi". Hiyo sentensi ilitulaza usingizi.

Na aliyepokea familia nyumbani kwake naye asaidiwe. Watu tisa wamehamia kwenye vyumba viwili, makala yanaisha mara mbili kwa haraka, na mama mwenye nyumba hasemi kitu sababu ni ndugu. Mpelekee unga yeye pia. Wakimuona mtoto anaamka usiku analia moshi wiki baada ya wiki, au mtu mzima ameacha kula na kusema, wampeleke, SOSAME, hospitali ya afya ya akili hapa Bukavu, wanapokea, si ukichaa.

Kujenga

Bati lililopita kwenye moto mkali linakuwa laini na jeupe-jeupe, zinki imeondoka, litakula kutu haraka. Lifanye ukuta wa choo au wa jiko, usiliweke juu ya kichwa. Misumari mikubwa inanyooshwa, sawa. Jiwe la fondasyo ligonge na nyundo, likilia kavu limepasuka.

Kama pesa ni ya kidogo kidogo, nunua manjanja kwanza, mbao baadaye, na uyaweke kwa mtu wa nje ya avenii. Bei ya manjanja inapanda mvua ikikaribia. Kwenye mteremko chimba mfereji wa maji nyuma ya nyumba kabla ya kusimamisha mti wa kwanza, udongo uliochimbuliwa hivyo unashuka na mvua ya kwanza.

Nyaya: usirudishe ule waya wa umeme wa kuungaunga uliopita uchi kwenye mbao. Leteni fundi mmoja kwa nyumba zote, mpatane bei ya jumla. Mwenye kuuza mafuta ya chupa, kadafi wetu, tulimwomba ahamishe chupa zake zilale kando ya barabara, siyo chumbani, akakubali.

Na njia. Tulipokuwa tunavuta kamba kila mtu alitoa hatua moja ya kiwanja chake, upande mmoja, ili watu wawili wenye ndoo wapishane, sababu usiku ule gari la zimamoto lilibaki chini barabarani halina pa kupita na sisi tulikuwa tunagongana vichwa. Wawili walikataa. Tulirudi kwao mara nne, mara ya nne tukaenda na wamama, wakatoa. Ile hatua tuliichora kwenye kaye ileile na shefu akaweka muhuri juu ya mchoro.