Oili ya gari lililotembea sana: pima injini kwanza, ndipo uchague namba

Ukifika duka la spea Kariakoo ukasema gari lako ni la mwaka 2003, mara nyingi unawekewa mezani dumu la 20W-50 bila swali la pili. Hoja ni kwamba injini ya zamani imelegea, kwa hiyo inataka oili nzito. Kuna injini ambazo hilo ni kweli. Lakini kwa Toyota nyingi za VVT-i (mfumo unaobadili muda wa valvu kufunguka) zilizojaa barabara za Dar es Salaam, yaani IST, Vitz, Spacio, Premio na ndugu zake, kurukia 20W-50 kwa sababu ya umri tu kunaongeza ulaji wa petroli na kuchelewesha oili kufika juu ya injini kila asubuhi, bila faida yoyote. Odomita nayo usiitegemee peke yake, maana gari la mtumba linaweza kuwa limerudishwa kilomita kabla hujalinunua. Kinachoamua ni hali ya injini, na hali hiyo unaweza kuipima mwenyewe.

Kusoma dumu

Maneno kama "oili ya elfu tatu" au "oili ya elfu tano" ni ya dukani. Hakuna daraja la namna hiyo. Tafuta namba ya SAE (uzito wa oili) na herufi za API (daraja la ubora wake).

Kwenye 10W-40, namba iliyo kabla ya W inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Ya mwisho ni uzito wake, yaani ugumu wa kutiririka, kwenye nyuzi joto 100. Kwa vipimo vya SAE, oili ya 30 huwa kati ya senti-stoki (kipimo cha uzito huo) 9.3 na 12.5, ya 40 kati ya 12.5 na 16.3, na ya 50 kati ya 16.3 na 21.9. Maana yake, ukitoka 30 kwenda 50 unaweza kuwa umekaribia kuongeza uzito maradufu. Dar hakuna barafu, kwa hiyo 0W si lazima, lakini hata asubuhi ya Julai 10W inapanda kwenye kemshafti (shafti ya juu inayofungua valvu) upesi kuliko 20W, na sekunde hizo za kwanza ndizo vyuma vinapokuwa na oili kidogo.

VVT-i inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mfumo wenyewe unasukumwa na oili. Oili hupita kwenye valvu ndogo yenye chujio la waya, kisha shinikizo lake ndilo linalogeuza kemshafti. Oili nzito kupita kiasi huitikia kwa kuchelewa. Chafu huziba chujio. Gari linapoteza nguvu, sailensi (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka, taa ya injini inawaka, na wengi huanza kununua plagi na koili kabla ya kuitazama oili.

Herufi za API: S ni petroli, C ni dizeli. SL ilikuja mwaka 2001, SN 2010, SP 2020. Kwa petroli, daraja jipya linafaa pia kwa injini ya zamani, hivyo SN au SP inafaa kwenye IST ya 2002. Dumu la bei nafuu lenye SF liache dukani: daraja hilo lilikusudiwa injini za mwaka 1988 kurudi nyuma.

Pima inakula kiasi gani

Egesha sehemu tambarare injini ikiwa na moto, zima, subiri dakika kumi. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe hadi mwisho, chomoa tena usome. Jaza mpaka alama ya F, andika kilomita. Pima kila ukijaza mafuta, usiache ishuke chini ya L. Ikifika kilomita 1,000, rudisha oili hadi F kwa chombo chenye alama za mililita, na ujumlishe chochote ulichoongeza njiani. Hiyo ndiyo hesabu yako.

Chini ya mililita 200, injini iko vizuri: baki na namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa kawaida 5W-30 au 10W-30. Ikila kati ya mililita 200 na 500, panda ngazi moja tu, yaani 10W-40 au 5W-40. Tukilazimika kutaja oili moja kwa magari mengi ya petroli yaliyochoka kiasi hapa mjini, tungesema 10W-40 yenye SN au SP. Ikivuka nusu lita, au taa ya oili ikianza kumetameta kwenye foleni injini ikiwa na moto sana, hapo 15W-40 au 20W-50 ina nafasi yake, lakini jua kwamba unanunua muda tu. Kikomo kinachotajwa na Toyota kwenye vitabu vyake vingi ni lita 1 kwa kilomita 1,000. Ukipita hapo, zungumza na fundi kuhusu ringi za pistoni.

Kabla ya kubadili namba, hakikisha unajua oili inakoenda. Moshi wa bluu unaotoka mara tu unapowasha gari lililolala usiku, kisha ukakata, kwa kawaida ni sili za valvu. Ukitoka unapokanyaga mafuta, ni ringi. Kwenye injini za 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo, ringi za oili hukwama kwa masizi kwa sababu matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni ni madogo, na oili nzito haifungui ringi iliyokwama. Halafu kuna valvu ya PCV, inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukachomwe, kitu kidogo cha bei ndogo kinachosahaulika. Ichomoe kwenye kifuniko cha valvu uipulize pande zote mbili: upande mmoja hewa ipite kirahisi, mwingine izuie. Ikikwama, injini inaweza kunywa oili au kuisukuma nje kwenye sili, na mwenye gari akadhani injini imekufa.

Oili za kilomita nyingi, na sintetiki

Madumu yaliyoandikwa "High Mileage" yana viungo vinavyolainisha sili za mpira zilizokauka, na mara nyingi yanalenga magari yaliyopita kilomita 120,000. Husaidia mvujo mdogo wa kutoa jasho. Sili iliyopasuka hazitaiponya.

Inasemwa sana gereji kwamba sintetiki inatoboa injini ya zamani. Haitoboi. Inasafisha tope lililokuwa limeziba sili iliyokwisha kufa, na mvujo uliokuwepo unaonekana. Badilisha sili, oili haina kosa. Ila injini ambayo ukifungua kifuniko cha kujazia unaona tope jeusi limeganda, usiimwagie dawa ya kusafisha ya mara moja: tope likimeguka linaweza kuziba chujio la pampu ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Weka semi-sintetiki ya kawaida, imwage baada ya kilomita 1,500, kisha 3,000, ndipo urudi ratiba ya kawaida. Ni polepole, lakini ni salama.

Kumwaga na kujaza

Injini za 1NZ-FE na 2NZ-FE za IST, na 1ZZ-FE ya Premio, huchukua lita 3.7 pamoja na filta mpya. Dumu ni la lita 4, na fundi mwenye haraka anamimina lote. Mililita 300 zinazozidi zinaongeza oili inayovutwa kwenye PCV, na ikizidi zaidi ya hapo krankishafti (shafti kuu ya chini) inaanza kuichapa mpaka inatoa povu, na povu halilainishi kitu. Dai masalio yako uende nayo. Ndiyo ya kuongezea.

Nati ya sampu hufunguliwa kwa spana namba 14. Weka washa (kipete cha nati) mpya kila mara, kaza kiasi cha Nm 37, wala usimruhusu mtu aongeze bomba kwenye spana, kwani nyuzi za sampu zikiharibika gharama inazidi ya oili. Paka oili kidogo mpira wa filta, ifunge kwa mkono hadi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki kwenye injini: mipira miwili ikikaa pamoja, oili yote hutoka barabarani kwa dakika chache.

Oili kuwa nyeusi mapema si ubaya, ni dalili kwamba inabeba uchafu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, usiendeshe.

Kuhusu muda, kilomita zinadanganya kwenye foleni. Kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa, kilomita 5,000 ni zaidi ya saa 330 za injini kufanya kazi. Kwa 50 kwa saa ni saa 100 tu. Anayetoka Mbagala au Kimara kwenda Posta kila siku, kiyoyozi kikiwaka, abadilishe oili ya madini (isiyo sintetiki) kila kilomita 4,000, au miezi sita ikitangulia. Sintetiki halisi tungeipeleka 7,000, si 10,000.

Neno "halisi" lina uzito, kwani oili bandia ipo. Nunua kwenye kituo cha mafuta au kwa wakala wa chapa husika, angalia kama pete ya kifuniko haijakatwa na karatasi ya ndani haijabanduliwa. Oili ya kupima kutoka pipani usiiguse. Dumu tupu litoboe kabla ya kulitupa, lisije likajazwa tena.

Hiace ya dizeli yenye injini ya 5L ina hesabu yake: 15W-40 yenye CF-4 au CI-4, kwa sababu masizi ni mengi.

Na taa nyekundu ya oili ikiwaka gari likiwa kwenye mwendo, zima injini hapohapo, hata kama uko katikati ya Barabara ya Mandela. Oili ikiwa kwenye alama na taa bado inawaka, litoe kwa kuvutwa, na gereji ipime shinikizo kwa geji kabla mtu yeyote hajapendekeza oili nzito zaidi.