Kumwombea mgonjwa wodini

Muulize kwanza kama anataka kuombewa, hata kipofu Bartimayo aliulizwa na Yesu, "Wataka nikufanyie nini?" (Marko 10:51). Nawa mikono. Soma Marko 2:1-12 kwa sauti ya chini: Yesu anamsamehe aliyepooza dhambi kabla ya kumwinua, na hapo ndipo wokovu na uponyaji vinapokutana. Mzee wa kanisa achovye kidole kwenye mafuta ya zeituni, ampake kwenye paji la uso (Yakobo 5:14). Tone moja latosha. Yakimiminwa huingia machoni. Asiambiwe aache dawa, wala kwamba hajapona kwa kukosa imani: yule aliyepooza alibebwa na watu wanne, na Yesu aliiona imani *yao*. Ombeni dakika tatu hivi, mgonjwa huchoka upesi.